Tiara Bagamoyo: wapi pa kurushia, saa ngapi, na warushaji wanapatikana vipi?

#1 Mgeni_wa_Dunda

Wakuu, habari za jioni. Naulizia mambo mawili hapa Bagamoyo mjini. La kwanza: kuna kikundi au klabu ya watu wazima wanaorusha tiara (vishada), au ni watoto tu mitaani? La pili: sehemu gani inafaa? Tiara yangu ni ya pembe nne, urefu sentimita 90 na upana sentimita 90, uzi mita 100. Kila ninayemuuliza anataja pengine: soko la samaki, Kaole, Mwanakalenge. Naomba majibu ya wanaojua, siyo "nenda tu ufukweni utaona."

#2 Joshini

Mkuu, hao wote hawakukuuliza kwanza unakwenda mwezi gani na saa ngapi, ndiyo maana majibu hayafanani. Bagamoyo sehemu nzuri inahama, na vinavyoihamisha ni upepo na maji.

Anza na upepo. Ufukwe wa mji unatazama kaskazini-mashariki. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, inatoka baharini moja kwa moja. Ni upepo safi, haujagonga kitu, na tiara inapanda bila kuyumba. Ila inaielekeza tiara nchi kavu. Ukisimama kwenye mchanga mkavu karibu na minazi ukatoa mita 100, tiara yako iko juu ya mabati na nyaya za umeme. Kwa hiyo Kaskazi unashuka na maji yakipwa, unasimama karibu na ukingo wa maji, ili uzi wote ubaki juu ya mchanga mtupu. Ikianguka, inaanguka ufukweni.

Kusi ni habari nyingine. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, unapita sambamba na ufukwe, na siku nyingine unainama kutoka nchi kavu. Hapo adui ni minazi na majengo yaliyo upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Kitu kilichosimama huvuruga upepo nyuma yake kwa umbali wa mara 7 hadi 10 ya kimo chake. Mnazi wa mita 20 unakuharibia upepo mita 140 hadi 200. Ndani ya eneo hilo tiara inapanda, inatetemeka, inageuka kichwa chini, na mtu anarudi nyumbani kuifumua akidhani kosa ni lake. Ukitaka kujua kama umetoka kwenye kivuli cha upepo, funga utepe mwepesi wa nailoni kwenye fimbo, inua juu ya kichwa, utazame kwa dakika 2. Utepe ukielekea upande mmoja, sawa. Ukizunguka zunguka, sogea.

Maleleji, yaani Aprili na Novemba pepo zinapobadilishana, usipange shughuli ya watu wengi. Upepo unaweza kukatika wote alasiri au kugeuka mara tatu.

#3 Kijiweni_Magomeni

Naweka mkeka hapa. Uzi mzuri.

#4 Hesabu_ya_Mwezi

Joshini kasema kweli tupu. Naongezea la maji, maana hapo wengi hupigwa chenga.

Watu husikia kwamba bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanakwenda mbali, wakapanga siku ya bamvua. Kwa tiara ni siku mbovu. Pwani hii, bamvua hupwa kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi, wakati upepo bado haujachangamka. Ikifika saa 10 alasiri, upepo umeshika vizuri, maji nayo yamejaa mpaka chini ya minazi. Maji mafu, yale ya nusu mwezi, ni kinyume chake: yanapwa alasiri, lakini hayaendi popote.

Unazozitaka ni siku za katikati. Kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku ya 4 hivi baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu, kupwa kunaangukia saa 7 au saa 8 mchana, na maji bado yana nguvu ya kutoka mbali. Kwa hesabu ya mwandamo ni tarehe 3 hadi 5, na tena 18 hadi 20. Siku hizo unapata mamia ya mita za mchanga kuanzia saa mbili kabla ya kupwa mpaka saa mbili baada yake, na ndiyo saa za upepo. Hakikisha na jedwali la maji la Dar es Salaam au Zanzibar, tofauti na hapa ni ndogo.

Tahadhari moja. Maji yakirudi hayaanzii mbele yako. Yanaingia kwanza kwenye vijito vya mchangani vilivyo nyuma, wewe macho yako juu kwenye tiara. Wekeni mtu mmoja asiyerusha, kazi yake kutazama nyuma.

#5 BintiKaole

Sasa tuchambue hizo sehemu tatu alizotajiwa.

Soko la samaki: hapana. Pana mashua, milingoti, watu wanashusha mzigo, na nyavu zimeanikwa. Uzi ukilegea ukaangukia nyavu, utautoa tundu moja moja huku mwenye nyavu amekusimamia. Kama ni Kusi, simama kaskazini ya soko, ili tiara iende mbali na mashua. Ukisimama kusini yake, kila kinachoanguka kinaangukia sokoni. Kama ni Kaskazi, upande wa kusini kuelekea TaSUBa (chuo cha sanaa) unafaa, ilimradi uko chini kabisa kwenye maji yaliyopwa.

Kaole: waliokutuma huko walifikiria jina tu. Magofu ni eneo la kihistoria lenye kiingilio na miti, na mbele yake kuna mikoko. Tiara ikiingia mikokoni maji yakiwa yanajaa, iache. Mbegani napo usiingie tu kwa sababu umeona uwazi, kuna chuo cha uvuvi pale, omba ruhusa.

Mwanakalenge: ni uwanja wa mpira katikati ya nyumba na miti, upepo unafika umevunjika vipande. Tiara ndogo za watoto zinaruka, maana zinatumia mita 20 au 30 za uzi. Ya sentimita 90 itakusumbua. Na siku ya mechi usiende.

#6 Mgeni_wa_Dunda

Ahsanteni sana. Mbona sasa naona hata uzi wangu una mashaka? Nilionao ni mshipi wa kuvulia, ule mweupe wa kioo. Na tiara ikifika juu inazunguka upande wa kushoto mpaka inapiga mchanga.

#7 Fundi_Chelewa

Mshipi uache kwa samaki. Unavutika, kwa hiyo ukivuta kuirekebisha tiara inapata habari imechelewa. Unakata vidole, hauonekani na mpita njia wala ndege, na ukilegea unajikunja wenyewe kama ulivyokaa kwenye kigurudumu. Nenda duka la zana za uvuvi ukaombe uzi wa kushonea nyavu, ule wa kusokotwa. Unauzwa kwa namba, 210/6, 210/9, 210/12. Namba ya pili ikikua uzi unanenepa. Kwa tiara yako anza na 210/9.

Kipimo cha nguvu ya uzi: kila mita ya mraba ya tiara inataka uzi wa kuhimili kilo 15 kwa uchache. Yako ina eneo la mita za mraba 0.4, hiyo ni kilo 6. Chukua wa kilo 10 ili ubaki na akiba upepo ukipiga ghafla. Usiamini karatasi ya dukani. Jaza maji ndoo ya lita 10, ifunge kwa uzi huo huo na kwa fundo lile lile utakalotumia kwenye tiara, inua polepole, kisha itikise kidogo. Nasema fundo lile lile kwa sababu fundo la kawaida linakula karibu nusu ya nguvu ya uzi. Ndiyo maana uzi hukatikia fundoni, na uzi wenye viungo vitano katikati haufai hata kama kila kipande ni kipya.

Kuhusu kuzunguka kushoto. Kabla ya kugusa hatamu, yaani kamba za tiara zinazofungwa uzi, pima mizani. Ishike tiara kwa ncha ya juu na ncha ya chini ya uti, ile njiti ya wima, mbavu zake ziwe huru. Upande unaoshuka ndio mzito. Bandika kipande cha seloteipu kwenye ncha ya upande mwepesi, pima tena, ongeza mpaka itulie. Mara nyingi kisa ni mwanzi wa upinde, yaani njiti ya upana: upande mmoja umechongwa mwembamba, unapinda zaidi upepo ukiongezeka. Utaujua kwa sababu tiara inaruka vizuri kwenye upepo mdogo na kuanza kuzunguka upepo ukikua. Hapo seloteipu haisaidii, chonga upinde mwingine.

#8 Mgeni_wa_Dunda

Fundi, hatamu nayo? Yangu ina kamba mbili, moja inatoka kwenye msalaba, nyingine ncha ya chini.

#9 Fundi_Chelewa

Hizo mbili zinatosha. Zinapokutana weka kitanzi kinachoweza kuhama, siyo fundo la kukaza. Anza na mahali ambapo kitanzi, ukikivutia juu ya tiara iliyolala, kinaangukia karibu na msalaba, chini yake kidogo. Kisha hamisha sentimita 1 kwa mara moja, usizidishe.

Tiara ikivuta sana mkononi lakini haipandi, inakaa chini inayumba huku na huku: kitanzi kiko chini mno, pandisha kuelekea kichwani. Ikipanda haraka, ikakupita juu ya kichwa, uzi ukalegea na ikaanguka kama karatasi: kitanzi kiko juu mno, shusha. Upepo ukiwa mkali pandisha kidogo, ukiwa mdogo shusha kidogo.

Na mkia: je, tiara yako ni bapa au ina upinde? Bapa lazima iwe na mkia, mara 5 hadi 8 ya urefu wa uti, kwa hiyo mita 4.5 mpaka 7. Yenye upinde haihitaji. Kwa uti wa sentimita 90 na njiti ya upana ya sentimita 90, msalaba unakaa sentimita 18 kutoka juu, na njiti ya upana unaivuta kwa uzi mpaka kina cha upinde kifike sentimita 9. Tumbo linaangalia upepo. Umbo hili lilienea kupitia Mmarekani William Eddy miaka ya 1890, naye aliliiga kutoka kwa Wamalay. Kwa pwani yetu ndilo bora, kwa sababu mkia ufukweni unalowa, unashika mchanga, na unakuwa mzigo.

#10 Joshini

Hapo tutofautiane kidogo, Fundi. Kwa mgeni, mkia ni bima. Kusi ya Juni na Julai inakuja kwa mapigo, na tiara ya upinde isiyochongwa sawasawa itamsumbua. Afunge mita 3 za utepe mwepesi wa nailoni, akishazoea auvue.

#11 Fundi_Chelewa

Nakubali, ila uwe utepe, usiwe vitambaa vya kanga. Uzito si lengo, lengo ni kukokota upepo.

#12 Mama_Watundu

Jamani na sisi wa watoto? Chelewa za ufagio zinatosha au ni kuwadanganya?

#13 Fundi_Chelewa

Zinatosha dada, mpaka urefu wa sentimita 45 hivi. Zaidi ya hapo zinalegea katikati. Chagua chelewa zilizokauka kivulini, siyo za ufagio uliokwisha kufagia ua mwaka mzima. Kila chelewa ina upande mnene na mwembamba, kwa hiyo njiti ya upana tengeneza kwa chelewa mbili zilizolazwa kinyume, mnene wa moja juu ya mwembamba wa nyingine, ufunge kwa uzi sehemu tatu. Usipofanya hivyo upande mmoja utapinda kuliko mwingine na tatizo la Mgeni litahamia kwako.

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia nailoni nyembamba ya kufunikia madaftari au gazeti. Gazeti lizungushie uzi pembeni, ukunje ukingo juu ya uzi huo, ubandike kwa uji mzito wa unga wa ngano. Bila uzi wa pembeni litachanika mara ya kwanza likigusa chini. Kwa tiara kubwa, hakuna kitambaa kinachoshinda cha mwavuli mbovu: chepesi, hakipitishi upepo sana, hakilowi haraka. Fito za mwanzi ziwe na upana milimita 5 na unene milimita 3, ganda la nje usilichonge, ndiyo nguvu yenyewe.

#14 Kaiti_Boi

Mnazungumzia kaiti za kuteleza kwenye maji? Bagamoyo zipo?

#15 BintiKaole

Hapana kaka, huo ni mchezo mwingine wenye vifaa vyake na mafunzo yake. Huo nenda Paje, Zanzibar. Hapa tunazungumzia tiara ya uzi mmoja.

#16 Mtangatanga

Na Tanga mjini je?

#17 Joshini

Tanga mji wenyewe ni mgumu. Ghuba imejikinga, Raskazone ina miamba na miti, na uwanja wa ndege uko karibu na mji, kwa hiyo upande huo usirushe kabisa. Kwa kulinganisha, Uingereza mwisho wa kurusha tiara bila kibali ni mita 60 kutoka ardhini, na mita 30 ukiwa eneo la uwanja wa ndege. Ni vipimo vizuri vya kujiwekea hata ambapo hakuna anayekuuliza. Ukitaka mchanga mrefu mkoani Tanga shuka Pangani, uvuke mto, uende Ushongo.

#18 KatibuKata

Swali la klabu limesahaulika, wacha nilijibu.

Mgeni, usitafute kibao cha klabu. Tiara hapa ni mambo ya mtaa na yana msimu: shule zikifungwa Juni na Desemba, zinaonekana. Nenda baada ya alasiri, tazama juu, fuata uzi mpaka ulipoanzia. Utakuta watoto. Waulize nani anawachongea. Karibu kila mtaa una kijana mmoja anayewatengenezea wenzake; huyo ndiye klabu. Ukiwapata watatu wa mitaa mitatu, una kikundi. Vijana wa TaSUBa nao wasisahauliwe, wanajua rangi na maumbo, na wana macho ya maonyesho.

Kisha mchague siku inayotabirika. "Kila Jumamosi" haitabiriki ufukweni kwa sababu ya maji aliyoyaeleza Hesabu_ya_Mwezi. Chapisheni ratiba ya miezi mitatu kwa kufuata mwandamo, mara mbili kwa mwezi, mchukue Jumamosi au Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe hizo. Wageni wakijua siku, watakuja wenyewe.

Mkiwa wachache hamhitaji karatasi, ila mwoneni mwenyekiti wa mtaa, na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) kama mko karibu na mialo ya wavuvi. Waambieni siku, saa, na mtasimama wapi. Mkitaka kuwa kikundi rasmi, andikeni katiba fupi, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Klabu ya michezo ya kuandaa mashindano ni njia nyingine, huko ni kwa Msajili wa Vyama vya Michezo.

Katiba yenu iwe na kipengele kimoja kisichojadiliwa: hakuna uzi uliopakwa vioo. Kule India mashindano ya kukatana nyuzi yameua ndege na waendesha pikipiki, mpaka mahakama yao ya mazingira ikapiga marufuku nyuzi za namna hiyo mwaka 2017. Hapa bodaboda wamejaa. Hata uzi usio na kioo ukilala barabarani kimo cha shingo ni hatari, kwa hiyo mita 100 za uzi zinataka mita 100 za uwazi upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, na barabara isiwemo ndani yake.

#19 Hesabu_ya_Mwezi

Na umeme. Tiara ikinasa kwenye nyaya, achia uzi, piga simu TANESCO. Usivute, usitume mtoto na fito. Uzi uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme. Ukisikia radi popote, shusheni zote.

#20 Mgeni_wa_Dunda

Upepo wa kiasi gani ndio mwisho? Na mnaishushaje ikivuta sana?

#21 Joshini

Kwa tiara yako, kilomita 10 hadi 25 kwa saa. Bila kipimo, tazama bahari: mapovu meupe machache machache ni karibu kilomita 15 hadi 19, hapo ni raha. Mapovu yakijaa kila mahali na mchanga mkavu unaanza kutambaa, umefika kilomita 25 au zaidi, rudisha ndani. Asubuhi tazama programu ya upepo ya Windy, lakini sikiliza TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) pia. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo ni ya kuchonga mianzi.

Kushusha usizungushe uzi kwa nguvu. Uzi uliokazwa ukizungushwa kwenye chupa ya plastiki huibana mpaka chupa inabonyea. Mwenzako ashike kibao cha uzi, wewe vaa glavu au kunja kitambaa kiganjani, weka uzi chini ya kwapa au kiganja, utembee kuelekea tiara. Unavyotembea inashuka. Ukifika, kamata hatamu kwanza, ilaze chini tumbo likiangalia mchanga, weka mchanga kidogo juu. Halafu rudi uzungushe uzi ukiwa umelegea. Nyumbani suuza uzi kwa maji baridi, uanike kivulini. Chumvi ikikauka ndani inakuwa kama msasa.

#22 Mgeni_wa_Dunda

Nimeelewa. Tukija watu 10, tusimame vipi?

#23 KatibuKata

Mstari mmoja unaokatiza upepo, mita 15 baina ya mtu na mtu. Wenye uzi mrefu mwisho wa upande wa bahari, watoto upande wa nchi kavu. Asiye na tiara hewani asipite mbele ya mstari. Nyuzi mbili zikigusana msivute. Tembeeni mkaribiane, mzungukane mpaka zifunguke. Ukivuta, uzi mmoja unausugua mwingine mahali pamoja na unaukata sekunde chache tu.

#24 Hesabu_ya_Mwezi

Tarehe 19 ya mwandamo ujao kupwa ni kama saa 7 na nusu mchana. Mkutane saa 6 kaskazini ya soko kama Kusi bado ipo. Mgeni, leta ndoo, nyuzi zote zipimwe kabla hazijapanda.

#25 Mama_Watundu

Watoto wangu wanne na chelewa zao tutakuwepo. Fundi, uje na uji wa ngano wa ziada.